Goli Moja, Redio Mbili

Msimu mmoja wa kulima tulifika katika kijiji kimoja cha Usukumani kuangalia darasa la jioni la wanakisomo. Tulikuta mabenchi yamegawanyika. Upande wa dirishani walikaa watu saba, upande wa mlangoni watu tisa, na katikati palikuwa wazi kama barabara. Tulidhani wanakimbia joto. Mwalimu wa darasa akatuvuta pembeni akasema: "Hapana, ndugu zangu. Ni mpira."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Katika darasa lile wamo mashemeji wawili. Mdogo amemwoa dada wa mkubwa. Kwa miaka mingi wamelima pamoja: maksai mmoja ni wa huyu, maksai wa pili ni wa yule, na plau waliinunua kwa kuchangiana. Wakimaliza shamba la mkubwa wanahamia la mdogo.

Jumapili moja kila mtu alikuwa nyumbani kwake anasikiliza mpira. Mkubwa alikuwa na redio ya betri. Mdogo alikuwa na simu, na alikuwa akisikiliza kituo kingine. Zilibaki dakika chache na timu hazijafungana. Mara redio ya mkubwa ikalipuka: "Goooli!" Mzee akatoka nje akarusha kofia juu, majirani wote wakajua. Kule kwa mdogo simu ilikuwa bado inasema mpira uko katikati ya uwanja. Baada ya muda kidogo mtangazaji wa kwenye simu akasema: kibendera kiko juu, ameotea, hakuna goli. Mpira ukaisha bila kwa bila.

Jioni walikutana dukani. Mkubwa akasema wameibiwa, maana mtangazaji mwenyewe amelitangaza goli na nchi nzima imesikia. Mdogo akasema wa kwake ameona kibendera kwa macho yake. Mkubwa akasema, "Ninyi ni wezi tangu zamani."

Mdogo akauliza, "Sisi nani, shemeji? Timu au ukoo?"

Mkubwa akajibu, "Vyote viwili."

Neno kama hilo kwa shemeji halisemwi. Jumatatu alfajiri mdogo alikwenda na kamba, akamfungua ng'ombe wake akarudi naye kwake. Maksai mmoja hakokoti plau. Mvua zilikwisha nyesha mara mbili, ardhi ilikuwa laini, na mashamba mawili yalikuwa yamelala tu. Na darasani kila mmoja alihamia benchi la watu wa timu yake.

Timu hizo hatuzitaji. Tukizitaja, msomaji atachagua upande kabla ya kufika mwisho wa ukurasa. Nasi tusijifanye wasafi. Ofisini kwetu tuna timu zetu, na asubuhi baada ya mechi kubwa kuna mtu huchelewa kazini kwa makusudi, ili akute wenzake wamekwisha choka kusema.

Lakini tuliondoka na swali. Mtu aliye mbali na uwanja, aliyeyapata yote kwa sikio, anajuaje kilichotokea? Leo tunataka kulieleza jambo hilo.

KARIAKOO ILIVYOFIKA KIJIJINI

Tuanze mbali kidogo. Yanga ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1935. Mwaka uliofuata, 1936, ilianza timu nyingine, ikaitwa Queens. Inasimuliwa kwamba walioianzisha walikuwa wamejitenga na Yanga. Timu hiyo ilibadili jina zaidi ya mara moja, ikajulikana sana kwa jina la Sunderland, ambalo ni jina la mji na timu ya Uingereza. Mwaka 1971 ililiacha jina hilo la kigeni ikaitwa Simba. Simba wako mtaa wa Msimbazi, Yanga wako Jangwani, na mtu mwenye miguu yake mizima hutembea kutoka klabu moja mpaka ya pili bila kutafuta basi. Kwa hiyo hawa ni watu wa kitongoji kimoja, waliogombana kama ndugu wa nyumba moja.

Sasa ugomvi wa mitaa miwili ya Dar es Salaam umefikaje Usukumani, Ufipa na Umakonde? Umefika kwa redio. Jina la Radio Tanzania Dar es Salaam lilianza mwaka 1965, na Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994. Hesabu wewe mwenyewe: karibu miaka thelathini watu wa vijijini waliujua mpira mkubwa kwa masikio tu. Redio moja ilitundikwa kwenye mti au kuwekwa juu ya kinu, na watu ishirini wakaizunguka. Betri zikichoka zilianikwa juani zipate nguvu ya kipindi cha pili. Wengi wetu tulilelewa hivyo. Hatukuwahi kuuona uwanja, lakini tuliujua goli la kaskazini na goli la kusini kama tunavyojua visima vya kwetu.

Chukua mfano wa mwaka 1979. Timu yetu ya Taifa ilikwenda Ndola, Zambia, kutafuta nafasi ya fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Peter Tino alifunga goli, mpira ukaisha 1–1, na mwaka 1980 Tanzania ikacheza fainali hizo Nigeria. Ilipita miaka 39 mpaka tukarudi tena, Misri, mwaka 2019. Tumewasikia wazee wengi wakilisimulia goli la Tino. Wanasimama, wananyoosha mkono kuonyesha mpira ulivyokwenda na kipa alivyolala. Ukimwuliza mzee, "Ulikuwa Ndola?" atakujibu hapana, alikuwa nyumbani kwake, anapukuchua mahindi. Goli analolionyesha kwa mikono ni goli alilopewa na mtangazaji. Amelitunza miaka yote hiyo kama lake.

Hapo ndipo unaona ukubwa wa kazi ya watu hawa. Tanzania ilikuwa na watangazaji kama Charles Hilary, Kenya ilikuwa na Leonard Mambo Mbotela. Wote wawili walifariki mwaka 2025, na watu waliowalilia hawakuwa jamaa zao tu. Waliwalilia pia watu waliowahi kuazima macho yao.

KAZI YA MTANGAZAJI

Mtangazaji wa redio anamtangazia mtu asiyeona. Basi kwanza lazima aseme mpira uko wapi: upande wa kulia au wa kushoto, karibu na goli la nani. Halafu aseme nani anao, dakika ni ya ngapi na magoli ni mangapi. Mtangazaji hodari hurudia matokeo kila baada ya muda mfupi, kwa sababu anajua kuna mtu ndio kwanza amerudi kutoka kuchunga, anataka kujua bila kuuliza. Yule anayesahau kutaja matokeo kwa dakika kumi nzima, huku akisifia viatu vya mchezaji, sisi tunamwona bado hajaijua kazi.

Kisha kuna sauti. Mpira ukiwa katikati ya uwanja anasema taratibu. Ukisogea golini sauti inapanda na maneno yanakimbia. Wewe uliyeko jikoni, hata usiposikia maneno sawasawa, unajua kwa sauti tu kwamba hatari imefika. Hiyo ni raha ya mpira wa redioni, lakini ndani ya raha hiyo kuna mtego. Sauti inapanda kwa sababu ya jambo linalotarajiwa, wala si lazima jambo hilo litokee. Mara nyingi tumerukaruka kwa mpira uliokwenda kugonga mabango.

Jambo lingine ni kwamba mtangazaji hawezi kungoja. Mwandishi wa gazeti huandika mpira ukiisha. Mtangazaji husema mguu ukiwa bado hewani. Akiuona wavu umetikisika anasema goli, maana ndicho alichokiona. Kumbe refa bado hajakubali, na kule pembeni msaidizi wake ameinua kibendera. Mtangazaji akigundua, anajisahihisha. Sasa fikiri: wakati anajisahihisha, msikilizaji yuko wapi? Yuko nje, anarusha kofia.

Tulimwuliza yule shemeji mkubwa, kwa heshima, baada ya kusema goli mtangazaji wake alisema nini. Alifikiri sana. Akasema, "Kwa kweli sijui. Nilikuwa kwa jirani."

Na ile simu je? Redio ya kawaida huleta sauti moja kwa moja kutoka kwenye mnara. Sauti inayopita kwenye intaneti hukatwa vipande vidogo vidogo, na simu huviweka akiba kidogo kabla ya kuvitoa, ili visikatikekatike. Kwa hiyo simu huchelewa, pengine sekunde chache, pengine zaidi ya nusu dakika. Televisheni ya dishi nayo huchelewa. Ndiyo maana siku hizi mwenye redio ya betri hushangilia kwanza, na mwenye televisheni ya bei kubwa anajua goli linakuja kabla hajaliona. Basi mashemeji wetu walisikia tukio lile lile. Mmoja alilisikia mwanzo wake na kuondoka, mwingine alilipata mwisho wake baada ya watu kwisha kupiga kelele. Hakuna mtangazaji aliyesema uwongo.

Ziko alama za kumsaidia msikilizaji. Goli likikubaliwa, mpira hurudishwa katikati ya uwanja, na timu iliyofungwa ndiyo huanza. Mchezaji akiwa ameotea, wapinzani wake hupewa mpira wa adhabu pale pale kosa lilipofanyika. Kwa hiyo ukisikia neno goli, shika kofia yako. Ngoja usikie mpira umewekwa kati. Tena sikiliza watazamaji walioko nyuma ya sauti ya mtangazaji. Wao pia ni mashahidi. Kelele za goli la kweli haziishi upesi. Kelele za goli lililokataliwa hukatika, kisha huja mnong'ono na miluzi.

KUOTEA KWA PUNJE ZA MAHINDI

Ugomvi mwingi wa mpira unatokana na neno moja: kuotea. Tulishangaa kuona watu wanaolitamka kila wiki, wanaligombania, na wakiulizwa maana yake wanaangaliana. Tulichukua punje za mahindi na za maharage tukazipanga juu ya meza. Nawe fanya hivyo nyumbani.

Chora mstari wa goli kwa chaki. Weka punje moja ya harage karibu na mstari: huyo ni kipa. Mbele yake weka harage la pili: huyo ni beki. Sasa chukua hindi moja: huyo ni mshambuliaji. Likiwa hindi limempita beki, yaani kati yake na mstari wa goli amebaki kipa peke yake, na pia limeutangulia mpira, hapo yuko mahali pa kuotea. Mwenzake akimpelekea mpira naye akaucheza, hiyo ni kuotea. Akiwa sawasawa na yule beki, bega kwa bega, hajaotea. Akiwa bado katika nusu ya uwanja wa kwao, hajaotea. Mpira ukitoka kwenye kona, au kurushwa kwa mikono, au kupigwa na kipa kuanzia golini, hakuna kuotea.

Sasa hapa ndipo penye kiini. Kinachohesabiwa ni mahali alipokuwa pale mguu wa mwenzake ulipogusa mpira. Mahali alipokuwa mpira ulipomfikia si hoja. Mchezaji mwenye mbio anaweza kuwa nyuma ya beki wakati wa kupiga, na kuwa mbele yake hatua nne wakati wa kupokea. Mtu wa jukwaani anamwona akiwa peke yake anapiga kelele, "Ameotea huyo!" Kumbe hakuotea.

Tulipofika hapo shemeji mdogo alisogeza punje mwenyewe mara tatu, akarudi nyuma, akasema, "Kumbe hata refa ana kazi."

Kazi anayo. Na mtangazaji anayo zaidi, maana kwa kawaida anakaa juu jukwaani, karibu na katikati ya uwanja. Uwanja mkubwa una urefu wa karibu mita 100. Goli liko mbali naye, na analiona kwa upande. Msaidizi wa refa anakimbia pembeni ya uwanja, sambamba na beki wa pili kutoka mwisho, kusudi aone mstari huo. Kwa habari ya kuotea, aliye mahali pazuri zaidi pa kuona ni mwenye kibendera. Naye hukosea, ni binadamu. Lakini mtangazaji akisema "kwa kweli sikuona kosa pale," amesema kweli kabisa: yeye hakuona.

KUMBUKUMBU YA SHABIKI

Tusiwaonee watangazaji. Sikio la shabiki nalo lina timu. Mwulize mpenzi wa Simba historia ya mechi za watani. Ataanza tarehe 19 Julai 1977, Simba 6, Yanga 0, na Abdallah Kibadeni akafunga matatu peke yake. Kutoka hapo ataruka mpaka Mei 2012, 5–0. Kisha atasema amechoka, tuzungumze mambo mengine. Mwulize mpenzi wa Yanga. Yeye ataanza mwaka 1968, walipowafunga Sunderland 5–0, ataruka miaka hamsini na tano kama mtu anayevuka mfereji, atue tarehe 5 Novemba 2023, Yanga 5, Simba 1. Wote wawili wanasema kweli tupu. Kila mmoja ana nusu ya daftari.

Tena angalia namna wanavyosimuliana habari za nje. Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993, ikashindwa na Stella ya Abidjan hapa hapa Dar es Salaam. Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023. Ilifungwa 2–1 nyumbani, ikashinda 1–0 ugenini Algeria, lakini USM Alger wakachukua kombe kwa hesabu ya goli la ugenini. Simba ikafika fainali ya kombe hilo hilo mwaka 2025, ikashindwa na Berkane ya Morocco. Mara zote tatu, nusu ya mashabiki wa nchi hii walimshangilia mgeni. Kuna wanaosema hiyo ndiyo chumvi ya mpira. Sisi tunaona chumvi nayo ina kipimo.

Watu husema hawa ni watani wa jadi. Basi tuuangalie utani kama wazee walivyouacha. Mnyamwezi na Mzaramo wana utani wa tangu siku za misafara ya kwenda pwani. Mtani anaweza kukucheka hata msibani kwako, nawe huruhusiwi kukasirika. Lakini mtani huyo huyo ndiye anayekuja kushika kazi za msiba. Ana ruhusa ya kusema kwa sababu ana wajibu wa kusaidia. Shabiki anayefungua ng'ombe kwa ajili ya matokeo ya mpira amechukua ule upande wa kusema tu. Mzee anayemwita shemeji yake mwizi ndiye aliyeanza kuutoka utani, na hilo tulimwambia, ingawa ni mkubwa kwetu kwa umri.

Siku hizi mambo yamezidi kidogo kwa sababu ya vipindi vya uchambuzi. Mpira wenyewe ni dakika 90. Maneno juu yake huanza asubuhi na kuendelea siku nzima. Wako wachambuzi wazuri, wanaokueleza kwa nini beki wa kushoto alichoka au kwa nini kocha alimtoa fulani. Tunawapenda. Wako na wengine ambao kazi yao ni kuchochea, maana msikilizaji aliyekasirika hazimi redio. Na sasa kuna kubeti kwa simu: kijana anasikia mchambuzi anasema "leo hawa hawachomoki," anaitoa fedha ya mbolea. Mchambuzi alikuwa anakisia tu.

DAFTARI LA MASHEMEJI

Mtataka kujua habari ya plau. Haikurudi kwa sababu ya somo letu. Yule mama, ambaye ni mke wa mmoja na dada wa mwingine, alimchukua ng'ombe asubuhi ya Alhamisi, akampeleka mwenyewe kwa kaka yake na kumfunga kwenye nira. Aliporudi alimwambia mumewe kwamba yeye timu yake ni mahindi, na kama kuna mwanamume anataka kumfungua tena yule ng'ombe apitie kwake kwanza. Hakuna aliyepitia. Siku tatu za mvua zilikuwa zimepotea. Kaka mtu alikwenda jioni kwa shemeji yake, akakaa, akanywa uji, akasema lile neno la dukani alirudishe. Shemeji akasema limerudi.

Sisi tulichoweza kuwapa ni zoezi. Tuliwaambia wanakisomo: chukua daftari, piga mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja andika AMEONA, upande wa pili andika AMEWAZA. Sikiliza mpira, na kila anachosema mtangazaji kiandike kwa kifupi upande wake. "Kona, kushoto" ni kitu alichoona. "Dakika ya 20, bado 0–0" ni kitu alichoona. "Leo vijana hawana moyo" amewaza. "Refa anaonekana ana lake jambo" amewaza. Usiandike kila neno, mkono wako bado haujawa mwepesi kiasi hicho, wala wetu.

Safari yetu iliyofuata tuliangukia siku ya mechi. Mashemeji walikaa benchi moja, redio moja mbele yao. Mkubwa alikuwa anaandika AMEONA, mdogo anaandika AMEWAZA. Kipindi cha kwanza daftari zilikwenda sawasawa, mistari kumi na minne kwa kumi na mmoja. Walibishana mara moja tu, juu ya "krosi nzuri sana." Wakaamua kuikata vipande viwili, krosi kwa mkubwa, nzuri sana kwa mdogo.

Wakati wa mapumziko aliingia mchambuzi, akasema kwa dakika kumi bila kupumzika. Mkubwa alishika penseli yake juu ya karatasi muda wote huo, hakupata cha kuandika. Mdogo alifika chini ya ukurasa, akageuza, akauliza kama tunayo daftari nyingine.